Safu ya "Sikumbuki"

Neno la juma: "Mnayo mikate mingapi? Nendeni mkatazame." (Marko 6:38)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Mwaka fulani niliinua mkono kanisani. Ilikuwa siku ya ahadi za ujenzi. Kwaya imetoka kuimba, mioyo imepata moto, na mhubiri akauliza ni nani atakayemtolea Bwana kiasi hiki. Mkono wangu ukapanda. Jirani yangu akanigeukia, "Ubarikiwe, ndugu," nami nikajisikia nimebarikiwa kweli. Fedha hiyo sikuwa nayo. Baya zaidi, sikujua kwamba sina. Nilidhani tu kwamba kwa mtu mwenye kazi kama mimi itapatikana.

Haikupatikana. Miezi ikapita, nikaanza kumkwepa mhazini. Ibada ikiisha natokea mlango wa pembeni. Akipiga simu naiacha iite mpaka inyamaze, kisha namwandikia kwamba nilikuwa kikaoni. Usiku napiga magoti na kuomba, "Bwana, nifungulie milango." Kumbe mlango niliokuwa nautafuta ni wa kutorokea.

Nakiri haya kwa sababu juma hili nimekuwa nikisoma habari ya mikate mitano, na kuna neno dogo mle ndani ambalo kwa miaka nimelipita mbiombio nikiwahi muujiza.

Jioni ile nyikani wanafunzi walimjia Yesu na ushauri wa busara: awaage watu, waende vijijini wakajinunulie chakula. Yesu akawaambia wawape chakula wao wenyewe. Wakapiga hesabu ya haraka, ile tunayoipiga wote tukishikwa na hofu: mikate ya dinari mia mbili! Dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kwa hiyo walikuwa wanataja malipo ya zaidi ya nusu mwaka. Tazameni vizuri hapo. Pengo lao walilijua kwa tarakimu. Walichokuwa nacho hawakukijua. Ndipo Yesu akawauliza wanayo mikate mingapi, na kabla hawajakisia akawaambia waende wakatazame.

"Nendeni mkatazame." Neno hilo halina utukufu wowote. Ni agizo ambalo mama humpa mtoto: nenda kaangalie kumebaki nini. Wakaenda, na Marko anasema walipokwisha kujua, ndipo wakajibu: mitano, na samaki wawili. Yohana anatuambia kwamba Yesu mwenyewe alikuwa anajua atakalolitenda, hivyo si yeye aliyeihitaji hesabu ile. Na watu walipokwisha kushiba, aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee kitu. Kuna mtu aliyevihesabu vile vikapu, la sivyo tusingejua leo kwamba vilikuwa kumi na viwili. Kumbe muujiza wenyewe umeshikwa na hesabu mbili, moja mlangoni na nyingine kwenye kutokea, na aliyeweza kuzidisha mkate hakuridhia makombo yaachwe chini.

Mjane wa 2 Wafalme sura ya 4 naye aliulizwa vivyo hivyo. Mdai yuko njiani kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, na Elisha anamuuliza ana kitu gani nyumbani. Jibu lake linanifanya nitabasamu kila nilisomapo: hana kitu nyumbani, ila chupa ya mafuta. Hana kitu, ila! Huyu mama alikuwa na chupa, na chupa ile haikuwa imeingia kwenye hesabu yake mpaka alipoulizwa. Kisha mafuta yakaongezeka, na maagizo aliyopewa yalikuwa na mpangilio: auze, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Hata baraka iliyoshuka waziwazi kutoka kwa Mungu ilipitia kwa mdai kwanza.

Basi nirudi kwenye yangu. Usiku mmoja, baada ya kumdanganya mhazini kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi, nilichukua daftari la shule la mtoto lililobakiwa na kurasa nyuma. Nikapiga mistari kwa rula: tarehe, kiasi, kazi yake. Nikaufuata mwezi mzima nyuma, ujumbe mmoja mmoja kwenye simu, risiti moja moja kutoka mifukoni mwa suruali. Kodi ya nyumba niliikumbuka. Ada niliikumbuka. Lakini zilikuwepo fedha nyingi zilizotoka ambazo niliziangalia kama naangalia za mtu mwingine. Kila moja ndogo. Nikakosa pa kuziweka, nikafungua safu ya nne, na juu yake nikaandika: Sikumbuki.

Nilipojumlisha, safu ile ilikuwa ya tatu kwa ukubwa, ikitanguliwa na kodi na ada tu. Ilizidi sadaka zangu za miezi mitatu. Chini yake nikaorodhesha wanaonidai. Nilidhani ni watu wawili. Walikuwa watano, ukiuhesabu na mkopo wa kwenye simu niliouchukua kulipia mkopo mwingine wa kwenye simu.

Nabii Hagai, mwaka 520 kabla ya Kristo, aliwaambia watu waliorudi kutoka uhamishoni kwamba mwenye mshahara anapata mshahara ili autie katika mfuko uliotoboka-toboka. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya mstari huo huishia kwenye kikapu cha sadaka: toa, na mfuko utazibwa. Ni kweli Hagai alikuwa anadai hekalu lijengwe, hilo silifichi. Lakini kabla ya kuwatuma mlimani kuleta miti, na akarudia tena, alisema: "Zitafakarini njia zenu." Mfuko uliotoboka hauponi kwa kuongezewa vya kutia. Sharti mtu autoe nje, auinue mbele ya taa, atazame tundu liko wapi. Na hakuna anayeona raha kuufanyia hivyo mfuko wake mwenyewe.

Najua wapo watakaosema kwamba Daudi alihesabu watu na taifa likapigwa kwa tauni. Na yule tajiri wa Luka 12 bila shaka alikuwa na hesabu safi za ghala zake. Sawa. Mtu anaweza kuhesabu ili ajivune au ili alale bila kumhitaji Mungu, na hiyo ni dhambi. Ila niwe mkweli: mimi sikuwahi kuwa karibu na dhambi hiyo. Yangu ilikuwa kutokuhesabu nikaita imani.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nilipolianza lile daftari nilitegemea linifundishe kubana matumizi. Limenifundisha zaidi habari ya uongo.

Ndugu alipokuwa akinipigia ana shida, nilikuwa na majibu mawili. La kwanza, "Sina," nami ninayo, ila naogopa. La pili, "Ngoja mwisho wa mwezi nitakutumia," nami sijui hata kidogo mwisho wa mwezi nitakuwa na nini. La kwanza lilikuwa uongo wa moja kwa moja. La pili lilikuwa uongo uliovaa nguo za upendo, na huo ndio uliowaumiza watu zaidi, maana walinisubiri. Si kwamba niliamka asubuhi nikikusudia kumdanganya mtu. Asiyejua alicho nacho hana namna ya kusema kweli juu yake. Kila jibu lake ni la kubahatisha, na ya kubahatisha huegemea upande unaotuokoa na aibu.

Siku hizi nina mstari kwenye daftari wa kusaidia watu. Si mkubwa. Mtu akipiga naweza kumwambia: mwezi huu nilitenga kiasi hiki, kimebaki hiki, chukua. Wa kwanza kuambiwa hivyo alishukuru kuliko nilivyostahili. Mwingine alinuna na bado amenuna. Lakini wote wawili walisikia kweli.

Someni tena habari ya Anania katika Matendo 5. Tumezoea kuitaja kana kwamba alikufa kwa kuwa mchoyo. Petro hakusema hivyo. Alimkumbusha kwamba kiwanja kilipokuwa kwake kilikuwa mali yake, na hata baada ya kukiuza thamani yake ilikuwa katika uwezo wake. Angeweza kuleta nusu na kusema hii ni nusu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alileta sehemu akaiita yote. Nilipousoma mstari ule nikauona mkono wangu ukiwa juu kanisani. Anania alikuwa na fedha akajifanya ametoa zote. Mimi sikuwa nazo nikajifanya ninazo. Tofauti iliyopo kati yetu sioni kama inanipendeza sana.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, walioahidi mchango mwaka mmoja kabla na walikuwa hawajaumaliza (nilipogundua hilo nilipata faraja isiyo ya kiroho sana), kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Liko katika 2 Wakorintho 8:12, na laiti lingesomwa kwa sauti kila siku ya ahadi kabla kwaya haijaimba. Nimeona watu wakikopa ili watoe. Nimeona wakihimizwa kukopa ili watoe, wakiahidiwa kwamba mbegu itazaa kabla riba haijafika. Sijui namna laini ya kulisema hili: sadaka ya namna hiyo hutolewa kwa fedha ya mtu mwingine, na atakayeilipa mara nyingi ni watoto wa nyumbani. Mhubiri wa kale anasema afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Hakuongeza kwamba Mungu atakuongezea ukijitosa.

John Wesley, mhubiri wa Uingereza ambaye Wamethodisti walianzia kwake, alifundisha mwaka 1760 kwamba Mkristo achume kadiri awezavyo, aweke kadiri awezavyo, na atoe kadiri awezavyo. Tunapenda sana kulinukuu la kwanza. Mwaka 1776 watu wa kodi walimshuku kwamba ana vyombo vya fedha ambavyo hakuvitaja. Akawajibu kwamba ana vijiko viwili vya fedha London na viwili Bristol, na kwamba hatanunua vingine maadamu wengi wanaomzunguka wanakosa mkate. Watu huisimulia habari hiyo kwa sababu ya uchache wa vijiko. Mimi nastaajabia kwamba alijua ni vingapi na viko mji gani. Julai 1790, akiwa na miaka 87, aliandika kwenye daftari lake la hesabu kwamba sasa hatajaribu tena kuziweka. Machi iliyofuata alikuwa amefariki.

Kwa mhazini nilikwenda siku ya kazi, si Jumapili, daftari likiwa kwapani. Nilimwambia ahadi yangu niliitoa bila kutazama, kwamba sitaweza kuimaliza mwaka ule, na kwamba naweza kuleta kiasi hiki kila mwezi, nikakitaja. Kilikuwa kidogo mpaka nikaona haya kukitamka. Alifungua kitabu chake, akaukata mstari wenye jina langu kwa rula, akaandika upya chini yake. Kisha akaniandikia risiti ya kiasi kile kidogo kwa utaratibu uleule anaowaandikia wanaoleta vikubwa. Hakusema neno juu ya simu zake nilizoziacha zikiita.

Mke wangu alikuwa akiniona usiku nikiandika, haulizi. Mwezi wa pili alivuta kiti, akasoma kurasa zote mbili toka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye orodha ya wanaonidai alisimama pale kwa muda. Halafu akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika jina la sita, na kiasi. Lilikuwa deni lake. Sikuwahi kulisikia.

Tulikaa kimya. Baadaye nikamuuliza ni la lini, akaniambia, nikaijaza tarehe.