Sekunde ya 32, raundi ya pili

Julai 1997 Dar es Salaam nzima ilikuwa inazungumzia meno. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu bondia Mike Tyson amng'ate mpinzani wake Evander Holyfield masikio kule Las Vegas, tarehe 28 Juni. Kwenye klabu yetu ya ngumi, Manzese, sisi tulikuwa tunabishana juu ya vichwa: bondia akimgonga mwenzake kwa kichwa, ni kusudi au bahati mbaya?

Sababu ilikuwa kijana wetu wa kilo 57. Jumamosi iliyotangulia alikuwa anaongoza pambano lake. Raundi ya tano paji la uso la mpinzani likamgonga juu ya jicho la kushoto, nyusi ikafunguka. Refa alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wa mpinzani, hakuona, na kwa kuwa hakuona hakutamka neno. Raundi ya sita daktari akasimamisha, tangazo likasomwa: TKO, yaani tumepoteza kwa pambano kusimamishwa. Mimi nilikuwa msaidizi wa kona usiku ule, kazi yangu ndoo, sponji na vaselini.

Kwa hiyo Jumatano jioni vijana walikuja mazoezini wakiwa wamevimba. Kwao kila kichwa ni kusudi, na mfano wao ni Holyfield. "Mwalimu, yule bingwa anapiga vichwa makusudi, ndiyo maana mwenzake aling'ata." Mwalimu wetu, mzee ambaye alikuwa amefundisha ngumi kabla hata mimi sijazaliwa, hakubishana. Aliagiza televisheni ya jirani na kanda ya VHS iliyokuwa inazunguka mtaani, akazima sauti, akasema: "Mtangazaji anawaambia mlichokiona kabla hamjakiona. Mara ya kwanza tazameni mikono peke yake. Atakayetazama vichwa atoke nje."

Sekunde ya 32 ya raundi ya pili. Tyson anarusha mkono wa kulia, Holyfield anainama kupita chini yake, kichwa kinagonga, na nyusi ya kulia ya Tyson inachanika. Mwalimu akasimamisha picha, ikawa inatetemeka na mistari myeupe, akauliza: "Jeraha liko upande gani?" Kulia. "Na ngumi ilitoka mkono gani?" Kulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba mgongano wa vichwa una ushahidi wake. Anayeinama chini ya mkono wa kulia wa mwenzake lazima kichwa chake kiende upande ule ule wa mkono. Asipoinama kwa kina cha kutosha, au akianza kuinuka kabla hajatoka pembeni, kitu cha kwanza atakachokutana nacho ni nyusi ya upande huo. Jeraha lilikuwa mahali ambapo ukwepaji wa kawaida ungeliweka. Refa Mills Lane alitazama marudio akasema si kusudi, na kwa mgongano ule mmoja, mpaka leo nasema alikuwa sahihi.

Akatuonyesha na alama za kusudi, maana zipo. Anayekusudia mara nyingi hana ngumi njiani: mkono mmoja umeshika shingo au umebana mkono wa mwenzake kwapani, wa pili hauna kazi. Macho yanatazama mkeka. Kidevu kimezama kifuani, utosi ndio uko mbele. Halafu magoti yananyooka ghafla, kichwa kinapanda kutoka chini kama mtu anayeinua gunia. Na baada ya kugonga, yeye hashtuki, kwa sababu alikuwa anajua kinachokuja. Aliyegongana kwa bahati mbaya kwa kawaida naye anafumba macho au anajigusa paji la uso, kwa sababu kimemuuma vilevile.

Kijana mmoja, msemaji kuliko wote, hakuridhika. "Sawa Mwalimu, hiyo moja. Na Novemba je?"

Swali lake lilikuwa zuri. Tarehe 9 Novemba 1996, pambano lao la kwanza, raundi ya sita kichwa cha Holyfield kilimchana Tyson. Raundi ya saba, zikiwa zimebaki kama sekunde 15, wote wawili walikwenda mbele kwa pamoja, vichwa vikakutana, na magoti ya Tyson yakalegea. Refa wa siku hiyo, Mitch Halpern, alisema si kusudi. Holyfield akashinda raundi ya 11. Pambano la marudiano kambi ya Tyson ikamkataa Halpern, ndipo akaletwa Lane. Ukiziweka mezani pamoja, ni migongano mitatu mikubwa katika mapambano mawili, na mara zote anayeumia ni yule yule.

Mwalimu akakaa kimya kidogo, kisha akasema maneno ninayoyatumia mimi sasa ninapofundisha: "Kuna kusudi, kuna bahati mbaya, na kuna mazoea, wanangu. Mazoea hayana nia mbaya, lakini yanachana vilevile."

Akachora mstari wa chaki kwenye saruji, akawasimamisha vijana wawili waliotofautiana urefu kama Tyson na Holyfield: mmoja kama sentimeta 178, mwingine 189. Mfupi anayepigana kwa kuinama huingia akiwa chini na kumalizia akipanda. Mrefu anayependa kubanana huteremsha kichwa begani kwa mwenzake ili asipigwe ngumi za kupandisha. Mmoja anapanda, mwingine anashuka, na nafasi kati yao haizidi upana wa kichwa kimoja. Anayetangulia kuegemea ndiye mwenye kosa la ufundi: kichwa chake kikishapita goti la mguu wa mbele, hana tena uwezo wa kukirudisha. Holyfield alikuwa na tabia hiyo, akimaliza kurusha ngumi anaufuata mkono wake kwa kichwa. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Juni 2002 kule Atlantic City, niliona jambo lile lile kwa Hasim Rahman. Kichwa cha Holyfield kilimwinulia uvimbe mkubwa sana kwenye paji la uso upande wa kushoto, pambano likasimamishwa raundi ya nane, na Holyfield akapewa ushindi kwa kadi za majaji wawili kati ya watatu. Nikamkumbuka Mwalimu na chaki yake.

Kwa nini mmoja achanike na mwingine abaki mzima? Paji la uso karibu na nywele ni mfupa mpana na mnene. Juu ya jicho pana ukingo wa mfupa, na ngozi yake ni nyembamba. Vikigongana, ngozi ya nyusi inabanwa katikati ya mifupa miwili na kupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana jeraha la kichwa mara nyingi lina kingo zisizonyooka na linafika chini kabisa.

Mtu wa kona ana dakika moja, na ukitoa muda wa kukaa na kuinuka zinabaki kama sekunde 40 za kazi. Kausha kwanza kwa taulo safi. Weka kijiti cha pamba chenye adrenalini ya 1 kwa 1,000, dawa ya kukata damu, ndani ya jeraha, kandamiza bila kuachia, kisha jaza vaselini. Kosa la wasaidizi wengi, na mimi nililifanya Jumamosi ile, ni kufunua kila baada ya sekunde tano kuangalia kama damu imekata. Damu haikati kwa kuangaliwa.

Lakini kosa lililotugharimu pambano halikuwa la pamba. Mwalimu alilisema mbele ya wote, bila kumficha mtu: kona yetu ilinyamaza. Kichwa kikishagonga na damu ikatoka, refa anatakiwa asimamishe saa pale pale, awaambie majaji kama ni kusudi au si kusudi. Asipotamka, jeraha linahesabiwa la ngumi, na daktari akisimamisha baadaye ni TKO. Akitamka, mambo yanabadilika kabisa. Kwa kanuni za pamoja za Marekani, zinazoigwa sehemu nyingi, mgongano usio wa kusudi ukisimamisha pambano kabla raundi nne hazijaisha, hakuna matokeo. Zikishaisha, kadi za pointi za majaji zinasomwa, anayeongoza anashinda. Ukiwa wa kusudi, na aliyegongwa akiweza kuendelea, aliyegonga anakatwa pointi 2, na jeraha lile likija kusimamisha pambano baadaye, aliyeumizwa anashinda kama anaongoza. Kama wako sawa au yuko nyuma, ni droo. Asipoweza kuendelea pale pale, aliyegonga anaondolewa mchezoni. WBC, moja ya mashirikisho ya ngumi ya dunia, wao wana kanuni yao: hata kama ni bahati mbaya, asiyechanika anakatwa pointi 1. Kijana wetu alikuwa mbele, raundi tano zimekwisha. Neno moja la refa lingempa ushindi, na sisi watu watatu wa kona hatukupanda ngazi kulidai.

Na refa anayetaka kuona hasimami nyuma ya mgongo wa mtu. Anasimama pembeni, yeye na mabondia wawili wakifanya pembetatu, nafasi ya katikati ya vichwa viwili ikiwa mbele ya macho yake. Kichwa cha kwanza anawaonya wote wawili, cha pili anamwonya mwenye tabia na kona yake isikie, cha tatu anakata pointi hata kama hakuna nia. Kwa mizani hiyo Holyfield angekatwa pointi. Kumwita mchafu, hapana, ushahidi haufiki huko.

Msemaji wetu bado alikuwa anatikisa kichwa. Mwalimu akamwita ulingoni, akamvika kofia ya mazoezi, akaipaka chaki sehemu yote ya mbele mpaka ikawa nyeupe. Mwenzake akavaa kofia nyeusi. "Dakika mbili, taratibu, pigana unavyopigana siku zote." Kijana wa kilo 57, nyuzi tano zikiwa bado juu ya jicho lake, akapewa kazi ya kuhesabu.

Kengele ilipogongwa aliinuka kwenye tairi alilokuwa amekalia, akamshika yule wa kofia nyeusi kidevuni na kumgeuza kwenye taa. Palikuwa na alama nne: mbili juu ya nyusi ya kushoto, moja kwenye shavu, moja puani.

"Nne," alisema.

Msemaji akaja kuziangalia mwenyewe, kwa karibu, moja baada ya nyingine. Kisha akavua kofia yake na kumpa Mwalimu aipake upya, nami nikaleta sponji kuifuta ile nyeusi.