Siku moja maishani mwangu: fundi muziki wa magari, Ilala

Kazi yangu watu wanaijua kwa kelele. Gari likipita mtaani besi inatikisa vioo, utasikia "hawa mafundi muziki ndio wanaomaliza magari ya watu". Gari likiungua nyaya, lawama ni hiyohiyo. Sikatai, wapo wanaoharibu, na kila wiki ninasafisha kazi zao. Ila sehemu kubwa ya siku yangu spika hazipigi kabisa. Ninakuwa nimelala chali chini ya dashibodi na mita mkononi, ninautafuta umeme unakopotelea. Siku ya jana ilikwenda hivi.

Saa 11:30 alfajiri nimeamka, Segerea. Saa 12:15 nimo kwenye daladala, nimesimama mpaka Buguruni ndipo nikapata kiti. Saa 1:30 banda limefunguliwa, dogo ninayemfundisha kazi ameshafagia na kutandika turubai.

Saa 2:00 bajaji. Redio inalia "wiii", na dereva akivuta mafuta mlio nao unapanda. Alishaambiwa anunue redio nyingine. Redio ilikuwa na ethi yake mbele, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bati, amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti, ina ethi yake nyuma, na mlio ulikuwa unaingilia katikati ya hizo ethi mbili. Tukazileta sehemu moja, mlio ukakata. Dakika ishirini, akaenda kutafuta abiria.

Saa 3:00 mama mmoja na gari lililotoka bandarini wiki hiyo. Redio ya Kijapani inasoma FM kuanzia 76 mpaka 90, sisi stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo nyingi haizipati. Nikamfungia kifaa cha kushusha masafa nyuma ya redio. Aliniita mwanangu, akaongeza hela ya soda.

Saa 4:00 nikaagiza chai na chapati mbili. Sikuzila. Noah ya fedha ikapanda ukingo wa barabara, ikasimama mbele ya banda, na kijana akashuka huku anaongea na simu. Alipokata akasema, "Fundi, amplifaya mbovu. Nibadilishie haraka, saa kumi na moja niko kwenye msafara wa harusi."

Nikamuuliza inafanyaje. Akasema besi ikigonga muziki unakata, taa nyekundu inawaka kwenye amplifaya, baada ya muda inarudi. Na akiliacha gari siku mbili, haliwaki. Ameshanunua betri mbili mwaka huu. Ameshapita kwa mafundi watatu, wote wamemwambia amplifaya.

Nikamwambia, "Kaka, nipe nusu saa nipime kwanza."

"Upime nini? Nimeshakwambia ni mbovu."

Hapo ndipo kazi yetu inapochosha kuliko jua la Dar. Mteja anaamini kifaa kikizima ndicho kilichoharibika. Amplifaya inayowasha taa nyekundu mara nyingi inajilinda: umeme unaoifikia umeshuka, na zikikaribia volti 10 nyingi hujizima. Ukimfungia mpya kwenye nyaya zilezile, mpya nayo itazima, atarudi na hasira, na mimi nitakuwa fundi wa nne.

Akakubali kwa shingo upande. Nikafungua nyuma. Boksi la sabufa limeandikwa wati 4000. Kwenye amplifaya fyuzi ni mbili za ampia 30, jumla 60. Ampia 60 kwa volti 13 ni wati 780 zinazoingia. Hazitoki elfu nne hata kwa maombi. Hilo sikumwambia. Alilinunua kwa furaha yake, na muziki wenyewe ulikuwa mzuri.

Nikapima. Injini inaunguruma, betri inasoma volti 14.1. Alteneta, inayochaji betri, ni nzima. Dogo akaweka besi nzito, betri ikashuka mpaka 13.5, kitu cha kawaida. Nikahamia nyuma, kwenye skrubu za amplifaya, besi ileile: 10.7. Volti 2.8 zimeishia njiani. Sasa kazi ikawa kujua njia ipi. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya kwa waya mrefu wa kupimia nilioutengeneza mwenyewe: 0.9. Nikapima upande wa ethi, kutoka hasi ya betri mpaka hasi ya amplifaya: 1.9. Upande wa ethi ulitakiwa kusoma karibu na sifuri.

Nikamwita aone. Akaangalia namba, akaangalia simu yake, akasema, "Kwa hiyo amplifaya unayo au huna?"

Nikafuata waya wa ethi. Umefungwa kwenye bolti ya mkanda wa kiti, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Umeme wote ulikuwa unapenya kwenye meno ya bolti tu, na chumvi ya hewa yetu ya pwani ilishaanza kuleta kutu mle. Nikagusa ile bolti baada ya nyimbo mbili, ya moto.

Waya wa chanya nao ulikuwa mnene kwa nje, mwekundu, unang'aa. Nikaukwangua kwa kisu. Chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe. Alumini iliyopakwa shaba, na yenyewe nyembamba, plastiki ndiyo imejaza unene. Waya wa namna hiyo unauzwa kwa jina la waya mkubwa, na anayenunua hana kisu.

Kilichonitia baridi kilikuwa mbele. Kutoka betri mpaka amplifaya nyuma hakukuwa na fyuzi hata moja. Na pale waya unapotoboa bati kuingia ndani, fundi aliyetangulia hakuweka mpira wa kuukinga. Bati limeshakula plastiki, alumini inaonekana kama urefu wa ukucha. Siku ile alumini ingelala sawasawa kwenye bati, betri yote ingemwagika kwenye waya ule, chini ya zulia, chini ya miguu ya watu waliovaa nguo za harusi.

Nikamwonyesha kidole changu pale. Akasema fyuzi zipo kwenye amplifaya. Nikamweleza taratibu: zile zinailinda amplifaya. Ya kwenye betri inalinda waya na gari, na inakaa karibu na betri, nusu mita haifiki, ili kipande kisicho na ulinzi kiwe kifupi. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Hiyo nayo ni bei gani?"

Nikampa bei ya yote, kazi elfu hamsini, vifaa mbali. Tukabishana mpaka saa sita na nusu. Nilimwambia kitu kimoja: bila fyuzi na mpira, gari hili siliunganishi, achukue funguo aende. Sijui kama ni sura yangu au joto, akakubali. Dogo akakimbilia Kariakoo kununua mita saba za kebo ya mashine ya kuchomelea, ya milimita za mraba 25, shaba tupu, laini, inakunjika vizuri chini ya zulia. Huwa nampa kisu aondoke nacho.

Wakati namsubiri nikaanza kutafuta kinachomaliza betri. Hiki ndicho kipimo kinachohitaji subira kuliko vyote. Unachomoa hasi ya betri, unapitisha umeme ndani ya mita, unazima kila kitu, unafunga milango, unasubiri gari lilale. Nikamwomba, "Kaka, dakika kumi na tano usifungue mlango."

Dakika ya nne akafungua kuchukua chaja. Taa ya ndani ikawaka, nikaanza upya. Akafungua tena kuchukua maji. Nikaanza upya. Nikamtafutia kiti kwa fundi viti, jirani yangu, nikamkalisha kivulini. Mara ya tatu mita ikatulia: ampia 0.9. Gari lililolala linatakiwa kula chini ya 0.05. Ampia 0.9 kwa saa 48 ni karibu ampia-saa 43, na betri yake ni ya ampia-saa 45. Ndiyo siku zake mbili hizo. Nikainama kuangalia fyuzi za ndani, na nyuma yangu nikasikia funguo. Ameingia garini kujaribu kama linawaka.

Mita ikarudi sifuri. Fyuzi yake ya ndani, ampia 10, imekatika, maana umeme wote wa gari ulitaka kupita pale.

Sikusema neno. Nilikwenda kunawa uso.

Niliporudi, mmoja wa majirani alikuwa anashauri niweke karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, "kwa leo tu". Mtu aliyenifundisha kazi hii aliwahi kunionyesha mita iliyowekwa waya mahali pa fyuzi: ilikuwa imeyeyuka. Nikampigia dogo, naye alikuwa ameshafika Karume. Akarudi Kariakoo kununua fyuzi ya mita.

Mchana wote baada ya hapo umechanganyika kichwani. Nakumbuka wali maharage niliokula nimesimama. Nakumbuka ndani ya Noah joto linapumua usoni kama tanuri la mikate. Nilitoa redio, nikaona waya wa bluu, ule unaoiamsha amplifaya redio ikiwaka na kuilaza redio ikizima, umekatwa na kuachwa unaning'inia. Waya wa kuamsha amplifaya wameupeleka kwenye wa njano, ambao una umeme saa zote. Kwa hiyo amplifaya haikuwa inalala. Usiku kucha mwenye gari yuko kitandani, yenyewe iko macho inakula betri. Betri mbili alizonunua hazikuwa na kosa lolote.

Nikaurudisha kwenye bluu. Tukapitisha kebo mpya, mpira kwenye tundu la bati, fyuzi ya 60 karibu na betri. Nyuma nikapiga msasa bati mpaka likang'aa kama sarafu mpya, waya wa ethi mfupi usiofika nusu mita, washa ya meno (kile kipete cha chini ya bolti), nikakaza, nikapaka grisi kuzuia kutu. Mgongo wangu ulikuwa haukunjuki. Yeye alikuwa amesimama mlangoni anahesabu dakika kwa sauti.

Besi ileile. Ethi ikasoma 0.1, chanya 0.3. Kwenye amplifaya: 13.1. Dogo akaongeza sauti mpaka fundi viti akasimamisha cherehani, na muziki haukukata.

Jua lilikuwa limeshashuka, na bado nilimlazimisha asubiri tena milango ifungwe. Safari hii hakugusa kitu. 0.03. Nikarudisha hasi ya betri, nikamwambia yuko huru.

Akanipa elfu arobaini ya kazi, akasema kumi atatuma kwa simu, halafu akaondoka. Kwenye kona nilimsikia amewasha muziki. Nilisimama nikasikiliza mpaka ukapotelea kwenye foleni, besi imeshiba, haikatiki. Mimi sikuijua sauti ile asubuhi, na yeye nadhani hakuwahi kuisikia tangu anunue.

Amplifaya ni ileile aliyokuja nayo.

Usiku ulipoingia tulikuwa bado tunakusanya vipande. Ule waya wa zamani niliukata pale ulipoliwa na bati, kama shibiri moja, nikautundika msumarini bandani pamoja na mingine. Iko saba sasa. Mteja akiniuliza kwa nini nadai hela ya fyuzi, huwa nampa mmoja aushike.

Nimefika Segerea saa 3:40 usiku. Ile elfu kumi haijaingia. Asubuhi kuna Hiace imelala nje ya banda, mwenyewe anasema amplifaya mbovu.