Monasteri ya Sacramenia: nyasi zilivyovuruga mawe 35,000

Monasteri ya Mtakatifu Bernard iliyoko North Miami Beach, Florida, husifiwa kuwa miongoni mwa majengo ya kale kabisa Amerika. Tuelewane: kilicho cha kale ni mawe. Yaliinuliwa na watawa wa Kisistersiani, shirika la Kikatoliki, huko Sacramenia, mkoani Segovia, Hispania, kati ya 1133 na 1141. Florida yamesimama tangu 1954 tu.

Miaka ya 1830 Hispania ilitaifisha mali za watawa, na majengo haya yakageuzwa ghala la nafaka na zizi. Mwaka 1925 tajiri wa magazeti, William Randolph Hearst, akanunua ua wa ndani pamoja na vibaraza na vyumba vinavyouzunguka. Kanisa hakulichukua, liko Sacramenia hadi leo.

Ubomoaji ulikwenda kwa mpango. Mawe yalitiwa alama, yakaviringishiwa nyasi kavu, yakapangwa katika masanduku ya mbao yenye namba, karibu 11,000. Balaa lilitoka kwenye nyasi. Segovia ilikuwa imekumbwa na ugonjwa wa miguu na midomo, na mfugaji yeyote anajua kwamba virusi vyake husafiri hata kwa majani makavu. Shehena ilipofika Marekani, Wizara ya Kilimo ya huko ikaizuia, ikafungua masanduku, ikachoma nyasi. Uamuzi sahihi kabisa. Ila waliorudisha mawe hawakujali namba, na kilichomo kikaacha kulingana na kilichoandikwa nje.

Kwa ukuta mnyoofu fundi angeweza kupanga mawe bila namba. Kwa tao haiwezekani: kila jiwe huchongwa jembamba chini na pana juu, kufuata mviringo wa tao lake. Ukiliingiza kwenye tao la kipimo kingine, viungo vinaachia na jiwe la kileleni halikazi.

Hearst aliishiwa fedha, na masanduku yakakaa ghalani Brooklyn, New York, miaka 26. Mwaka 1952, yeye akiwa ameshafariki, William Edgemon na Raymond Moss waliyanunua ili wafungue kivutio cha watalii. Mwashi Allan Carswell alisimamia kuyapanga upya: miezi 19, karibu dola milioni 1.5. Hata hivyo, yapo mawe ambayo hayakupata mahali. Baadhi yalijengea ukumbi wa parokia.

Biashara ya utalii haikulipa. Tangu 1964 jengo liko mikononi mwa Kanisa la Kiepiskopali, ambao ni Waanglikana wa Marekani, na ibada zinaendelea.