Makala ya shangazi

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, lava iliimeza nyumba ya shangazi kule Buhene, pembeni mwa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Alibaki na vitenge alivyokimbia navyo na vyumba viwili vya mbao anavyopangisha mtaa wa Majengo. Tuliporudi kutoka Sake tulikokimbilia, akahamia kwetu Katindo.

Mwisho wa Juni aliniita barazani, akafungua fundo la kitenge, akatoa noti ya dola ishirini. Haikuwa na mkunjo wala mpasuko. Hapa Goma noti ikichanika kidogo tu hakuna anayeipokea, kwa hiyo najua aliwasumbua wapangaji wake mpaka akaipata hiyo.

"Ya sufuria," akasema.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Usiku, mimi na mama watoto tukaitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Ya Julai nayo ikafuata. Zitamfaa akiugua, tukasema. Tulijiona watu wema sana. Kusema kweli yalikuwa majivuno yangu: mwanaume mwenye mshahara ale pesa ya shangazi? Na mshahara wenyewe ulikuwa na miezi miwili haujaonekana.

Kitindamimba wetu ndiye aliyeimwaga siri. "Bibi, pesa yako iko kwenye kopo. Baba hataki kuila."

Shangazi hakusema kitu. Jioni alimega matonge matatu ya fufu, akanawa. Kesho yake vilevile. Mke wangu akauliza kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikosa chumvi.

"Chumvi iko sawa, mwanangu. Mgeni hali akashiba."

Siku ya tatu, alfajiri, nikasikia magurudumu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yakikwaruza mawe ya lava nje ya uzio. Nikatoka na kandambili. Mwenye chukudu alikuwa anateremsha gunia la makala, limejaa mpaka majani ya kufungia mdomo yamechomoza. Shangazi alisimama kando, kopo mkononi, tupu.

"Hili nalo utalitia kwenye kopo gani?"

Nikajitwisha gunia hadi jikoni. Jioni ile alikula, akaomba aongezewe sombe.

Tangu hapo mbabula, jiko letu la makala, ikawa na mwenyewe. Maharagwe yakichelewa kuiva, tuliulizwa nani amechochea moto ovyo. Nami nikitaka maji ya moto ya kuoga asubuhi, nilipitia kwanza mlangoni kwake kuomba.