Kadi Tano

Juzi kifunguamimba wangu alikuwa akitafuta waya wa kuchajia simu katika mtoto wa meza, akatoka na bahasha ya kahawia ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaisahau. Ndani yake mlikuwa na kadi tano za plastiki. Alizipanga juu ya mkeka moja baada ya moja na kuzigawa kwa wenyewe: hii ya Baba, hii yako, hii yangu, hii ya mdogo wangu, na hii ya kitindamimba. Kisha akaitikisa bahasha, akachungulia ndani, akaniuliza, "Mama, ya Bibi iko wapi?"

Nilimjibu kwamba Bibi hakuwa na kadi.

"Lakini huyu alikuwa na miaka minne tu, na yeye anayo."

Nikamwambia akamalize kazi yake ya skuli.

Kadi hizo zilikuwa za kupandia lifti za mlimani kule Morzine, Ufaransa, mwisho wa mwaka 2017, na aliyezichagua ni mimi. Mdogo wangu wa Geneva ndiye aliyetualika, kwa kuwa kijiji kile hakifiki kilomita 100 kutoka kwake, na skuli zetu huwa zimefungwa wakati ambapo theluji ya huko imeshatanda. Baba watoto alishughulikia viza na nauli. Mimi nilipewa kazi iliyoonekana ndogo kuliko zote, nayo ni kuamua tununue kadi za aina gani.

Kabla ya hapo sikujua kwamba anayekwenda kuteleza thelujini hulipia pia njia ya kupandia, tena kwa gharama kubwa kuliko ya kukodi mbao za kutelezea na viatu vyake. Mlima haupandwi kwa miguu. Unapandwa kwa viti na vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, na kila lifti ina geti lake. Kadi inawekwa katika mfuko wa kushoto wa koti, kwa sababu mashine ya kuisoma iko upande huo, na mwenye kadi hupita bila ya kuitoa mfukoni. Mdogo wangu alinitumia orodha ya bei kwenye simu, nami nikaisoma usiku mzima kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kulikuwa na kadi ya uwanja wa wanaoanza peke yake. Kulikuwa na ya Morzine pamoja na Les Gets, kijiji cha jirani. Halafu kulikuwa na ile kubwa ya Portes du Soleil, inayofungua vijiji 12 vya Ufaransa na Uswisi, vyenye njia za kutelezea zipatazo kilomita 600 kwa jumla. Kadiri siku za kufululiza zinavyozidi, ndivyo bei ya kila siku inavyoshuka. Mtoto asiyetimiza miaka 5 halipi, lakini lazima apewe kadi yake, kwa kuwa geti halitazami umri. Aliyefika miaka 65 anapunguziwa. Na chini kabisa, katika mstari wa mwisho, kulikuwa na kadi ya waendao kwa miguu, yaani mtu asiyevaa mbao, ambaye anataka kupanda kibandani, kutazama, na kurudi. Niliusoma mstari huo. Nakumbuka kwamba niliusoma.

Mdogo wangu alinishauri vizuri. "Dada, siku tatu za mwanzo hamtatoka katika uwanja wa wanaoanza. Nunueni ndogo, na mkiweza mtaongeza hapo hapo." Mimi nikashika kubwa, ya siku 6, kwa sisi watano. Sikutaka watoto wavuke bahari na jangwa lote lile kisha wasimamishwe mbele ya geti na kuambiwa kwamba hapa nyinyi hampiti. Nilikulia katika nyumba ambayo kila kitu kilipimwa kabla ya kuguswa, na usiku ule, hapa barazani Kikwajuni, nilitamani kwa mara moja tu kununua kitu bila ya kukipima.

Mama alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Wete, Pemba, siku mbili kabla, ameegemea mto, anashona kofia ya viua kwa mwanga wa taa ya ukutani. Alisikiliza mashauri yote bila ya kuingia kati, mpaka aliponiuliza, "Siku moja ya hiyo kadi ni sawa na pishi ngapi?"

Alikusudia pishi za karafuu, ambazo yeye amewalipa wachumaji kwazo maisha yake yote na ambazo ndizo zilizonisomesha. Nikapiga hesabu ya ujira wa mchumaji, nikamtajia. Sindano ilisimama. Hakusema kwamba ni ghali wala kwamba ni israfu; alitazama tu ule mzunguko wa kofia uliokuwa mapajani mwake, kama aliyepotelewa na hesabu ya vitundu.

Hapo ndipo niliposema, kwa kudhani namwondolea mzigo, "Wewe Mama utakaa chini mkahawani, kuna joto, utatungoja hapo."

"Haya, mwanangu," akasema, na sindano ikaendelea.

Mama alikuwa na miaka 66. Sikumuuliza kama angependa kupanda. Nilimjulisha tu mahali atakapokaa, naye akanijibu kwa neno ambalo sisi tunalitumia kukubali, na kuaga, na kumaliza maneno tusiyotaka yaendelee.

Asubuhi ya kwanza kule, mwalimu wa kuteleza alitaka tukutane naye juu ya mlima wa Pléney. Tulikwenda sote hadi kwenye lifti, watoto wakiyumba kwa viatu vile ambavyo havikunji kifundo cha mguu. Mama alikuwa amevaa koti la mdogo wangu, na juu yake amejitanda kanga yake ya kisutu, ambayo mbele ya theluji ilikuwa nyekundu kuliko nilivyowahi kuiona nyumbani. Alimshika mkono kitindamimba. Alitembea na sisi vile vile anavyotusindikiza bandarini Mkoani, akienda nasi hatua kwa hatua mpaka pale ambapo asiye na tikiti hazidi. Baba watoto alisogeza ubavu wa kushoto, mashine ikalia, chuma kikazunguka. Wakapita wakubwa wawili. Nikampitisha mdogo. Mkono wake ukabaki nyuma, juu ya kile chuma, umeshikwa na mkono wa Mama upande wa pili, na kwa muda mfupi hakuna aliyeuachia, huku watu waliokuwa nyuma yetu wakisubiri na mbao zao begani. Kisha Mama akafumbua vidole. Akatusomea dua kwa sauti ya chini, akanyosha koti la mtoto kwa juu ya geti, akarudi nyuma hatua mbili kuwapisha wageni.

Nami nikapita. Ndani ya kibanda niligeuka kutazama chini, nikaiona ile kanga, kisha miti ikaificha.

Juu mbingu ilikuwa safi, na Mont Blanc ilionekana yote. Watoto walitaka kujua kama inaushinda Kilimanjaro. Nikawaambia kwamba haifiki, kwa kuwa ule ni mita 5,895 na huu ni kama 4,800, wakafurahi kana kwamba Kilimanjaro ni wao peke yao. Siku zilizofuata zilikwenda mbio. Tulianguka, tukajifunza kusimama, tukajifunza njia ya kijani, iliyo rahisi kuliko zote, na vipande viwili vya njia ya buluu inayoifuata. Tarehe 3 Januari 2018 ilipita dhoruba, upepo ukazifunga lifti za juu, na kijiji cha Avoriaz, ambako ndiko ile kadi kubwa ilikuwa itufikishe, hatukukuona kabisa. Upepo si kosa la mtu. Lakini katika siku zote 6 kadi zetu hazikufungua geti hata moja ambalo zile ndogo zisingelifungua, na tofauti ya bei kwa sisi wanne tuliolipiwa ingetosha kumpandisha Mama mlimani kila siku.

Jana baada ya Magharibi nilimpigia simu Wete, kifunguamimba amekaa karibu yangu anasikiliza. Nilimuuliza Mama kama anaikumbuka asubuhi ile ya kwanza. Akasema anaikumbuka vizuri, na kwamba hakwenda mkahawani. Alikaa kwenye benchi lililoelekea lifti.

"Vile vibanda vina namba ubavuni. Chenu niliishika namba yake, nikawa nahesabu vinavyoshuka. Kikaja chenu, kitupu."

Nilinyamaza. Miaka yote hii sikuwahi kufikiri kwamba hakuna aliyemweleza kuwa abiria hushukia juu, na kwamba kibanda huzunguka na kurudi peke yake.

"Ukafanya nini, Mama?"

"Nikasoma Ayatul Kursiy. Kikapanda tena, kikashuka tena kitupu. Nikaendelea kusoma mpaka nilipokuona wewe na watoto ndani ya kingine."

Siku ile alitupokea kwa maandazi na kutuuliza kama tumehisi baridi. Hakutaja kitu.

Binti yangu alinigusa goti, akininong'oneza nimuulize. Nikamuuliza: Mama, ulitaka kupanda?

Simu ikawa kimya. Nikasikia mlango wa ua wake ukifungwa, na nyuma yake, kutoka msikiti wa jirani, sauti ya kwanza ya adhana.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wanaadhini Isha."