Katuni ya sekunde 40 kwa manila na simu: nilivyoitengeneza Kigoma

Sekunde 40 kwa picha 12 kila sekunde ni picha 480. Filamu ya sinema hupita kwa picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wa katuni tangu zamani hupiga kila mchoro picha mbili, kwa hiyo michoro 12 inatosha kwa mwendo wa kawaida. Kuchora yote 480 upya kwa mkono kunahitaji mkono uliokomaa, maana mstari ukihama kidogo tu kati ya mchoro na mchoro, sura nzima hutetemeka. Vikaragosi vya udongo vinataka jukwaa na taa za kila upande. Kompyuta, hasa kwa katuni za pande tatu, inataka mashine yenye nguvu. Nilichagua vikaragosi vya karatasi vilivyokatwa, vikilala mezani na kusogezwa chini ya simu inayotazama chini. Mchoro unachorwa mara moja tu, nguvu zote zinabaki kwenye mwendo, na mwendo ndio katuni yenyewe.

Kisa ni kifupi. Mama anatoka mwalo wa Kibirizi na beseni la dagaa kichwani, mpira wa watoto unadunda mbele yake, ananadi dagaa wake, kisha usiku unaingia na ziwa linajaa taa za wavuvi.

Simu niliilaza juu ya ubao wenye tundu, ubao ukikaa juu ya matofali pande zote mbili, lenzi ikiwa sentimita 35 hivi juu ya meza. Kwa simu nyingi, umbali huo unatosha kuona karatasi ya A3 kwa upana wake wote. Programu ni Stop Motion Studio, kwa sababu inaonyesha picha iliyopita kama kivuli juu ya ile unayoipanga, na bila kivuli hicho huwezi kupima msogeo. Weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kuanza. Simu ikipigwa katikati ya kazi, mtetemo wake unahamisha lenzi na tukio lote linaruka. Kwa sababu hiyohiyo usiguse kioo kupiga picha. Kitufe cha sauti cha hedifoni za waya kinapiga picha kwenye simu nyingi.

Ugonjwa mkubwa wa katuni za simu ni picha kupepesapepesa, mara nyeupe mara nyeusi. Una sababu tatu. Ya kwanza ni simu kujirekebishia mwanga yenyewe: funga ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, kwenye 100, funga rangi, funga fokasi. Ya pili ni jua, ambalo linahama hata kama hulioni likihama. Ziba dirisha kwa blanketi, usitegemee pazia. Ya tatu ni umeme wenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila lenzi ikifunguka kwa muda usiolingana na mpepeso huo, inaona. Ifungue kwa 1/50 au 1/100 ya sekunde, si 1/80. Nilitumia balbu mbili zinazofanana za wati 9, moja kila upande, zikimulika kwa nyuzi 45. Taa za kuchaji zinasaidia umeme ukikatika, lakini mwanga wa nyingi hupungua kadiri chaji inavyoisha, kwa hiyo usizichanganye na balbu ndani ya tukio moja. Na vaa shati jeusi: jekundu linarusha wekundu wake kwenye karatasi nyeupe.

Mama ana urefu wa sentimita 18 na vipande 12: kichwa, kiwiliwili, vipande vinne vya mikono, pande mbili za kanga ya kiunoni, miundi miwili na nyayo zake, beseni, na ncha ya kanga ya begani. Manila inafaa, karatasi ya daftari hujikunja, hasa masika. Mwisho wa kila kiungo ukatwe mviringo, na tundu liwe katikati kabisa ya mviringo huo. Likikaa pembeni, kiwiko kitachomoza pembe kila mkono unapogeuka. Toboa kwa sindano, pitisha uzi, funga fundo pande zote mbili. Uzi ukilegea mkono unaanguka wenyewe, ukikaza sana karatasi inapinda. Kaza mpaka kiungo kibaki pale unapokiacha.

Wachoraji wa studio ya Disney walizikusanya kanuni 12 za kazi hii, nazo zikachapishwa mwaka 1981. Kwa maoni yangu, anayeanza ashike kwanza moja: nafasi kati ya picha na picha. Mkono unaokwenda sentimita 12 kwa picha 12, sentimita moja kila picha, unasogea kama mashine. Ugawe hivi, kwa milimita: 3, 5, 8, 10, 14, 20, 20, 14, 10, 8, 5, 3. Jumla ni ileile sentimita 12 na muda ni uleule, ila sasa mkono una uzito. Unaanza polepole, unashika kasi katikati, unatulia mwishoni. Chora vipimo hivi kwenye ukanda wa karatasi na uuweke kando ya meza, nje ya picha.

Mpira unafuata hesabu nyingine, kwa sababu kitu kinachoanguka hakitulii mwishoni. Kila kipindi kinaongeza umbali kwa namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9, 11. Kwa kipimo cha nusu sentimita, mpira unaanguka 0.5, 1.5, 2.5, 3.5, 4.5, 5.5, jumla sentimita 18 kwa picha sita. Unapodunda, pandisha 3.5, 2.5, 1.5, 0.5, yaani sentimita 8, kisha ushushe kwa mpangilio uliogeuzwa. Mdundo wa mwisho ni 1.5 na 0.5, kisha chini. Wakati wote huo unasogea kulia sentimita 1.5 kila picha bila kubadilika, na tao linajitokeza lenyewe. Mpira wangu ni wa sentimita 3. Kwenye picha ya kugusa ardhi niliweka mwingine wa kimo 2.5 na upana 3.6, zidisha kimo kwa upana utaona jibu ni lile lile, 9, yaani eneo halikubadilika. Wengi huubonyeza mpira bila kuutanua, na mtazamaji anaona umepungua, si umebonyea. Kwenye picha ya mwisho kabla ya kugusa, mpira ni mrefu, 3.6 kwa 2.5. Kileleni haurefuki kamwe.

Hatua moja ya mama ni picha sita, sentimita moja kila picha. Mguu uliokanyaga ubaki palepale mpaka wa pili ukanyage. Ukiteleza hata milimita mbili, mama anaonekana anaelea. Mtu wa kawaida anapanda na kushuka anapotembea. Mwenye beseni kichwani ni tofauti: magoti na kiuno vinameza mtikisiko wote, kichwa kinabaki karibu sawa. Nilikiruhusu milimita moja tu. Ncha ya kanga inafuata bega kwa kuchelewa picha mbili, na mama akisimama, yenyewe inaendelea kwenda mbele kidogo kabla ya kurudi. Hapo ndipo karatasi inaanza kuonekana kitambaa.

Maneno ya kunadi yarekodiwe kabla ya kupiga picha za mdomo. Kiswahili kinaturahisishia: silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo midomo saba inatosha, mitano ya a, e, i, o, u, mmoja uliofumbwa wa m, b na p, na mmoja wa meno juu ya mdomo kwa f na v. Kwa mnadi wa kasi ya kawaida, silabi moja ni picha mbili hivi. “Dagaa wabichi hawa!” ni silabi nane, picha 16. Kwenye “dagaa” usiache mdomo wa a wazi moja kwa moja. Ubane kwenye d na g kwa kutumia ule wa e, la sivyo ataonekana anapiga miayo. Kwenye “wa” anza na mdomo wa u kwa picha moja. Mdomo utangulie sauti kwa picha moja. Ukichelewa, kila mtu anagundua. Badilisha midomo kwa kibano, vidole vinasogeza kichwa.

Usiku wa ziwani ndio niliofurahia zaidi. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitumia vikaragosi vyeusi vilivyomulikwa kutoka chini katika filamu yake ndefu ya 1926, na njia hiyo haijazeeka. Kioo cha milimita 4 kilikaa juu ya makopo, balbu chini yake, karatasi ya kunakilia inayopenyeza mwanga (tracing paper) juu yake kuusambaza. Milima ya upande wa Kongo ni manila ya bluu nyepesi inayosogea milimita 1 kila picha, mitumbwi ni manila nyeusi, milimita 4, na matete ya ufukweni milimita 10. Tofauti hiyo ya kasi peke yake inaleta kina. Taa ni matundu ya sindano. Mng'ao wa maji ni karatasi mbili nyeusi zilizotobolewa matundu mengi, moja juu ya nyingine, zikivutwa pande tofauti milimita 2 kila picha: matundu yanapokutana mwanga unapita, yanapoachana unazimika.

Ukimaliza, toa video kwa picha 12 kwa sekunde, ukubwa wa 1920 kwa 1080, na uhifadhi picha zote 480 mahali pengine kabla ya kufuta chochote kwenye simu. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti, si kama video, maana ikibanwa matundu ya taa za wavuvi ndiyo yanayopotea kwanza.