Salfeti nne

Mwaka 2009 nilikuwa fildi kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Mwanza, wiki nane, na hili ninalotaka kulisimulia lilitokea wiki ya tatu. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshaanza, asubuhi ukungu umelala ziwani mpaka ng'ambo ya Kamanga haionekani. Nafika kazini namkuta mzee wa stoo anasukuma guta lenye salfeti zimejaa karatasi, vijana wawili wanamfuata na kidumu cha mafuta ya taa. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamuuliza hizo zinaenda wapi. "Shimoni. Wamesema stoo iwe wazi mpaka Ijumaa, wanataka kuweka kompyuta."

Salfeti moja ilikuwa imechanika pembeni, nikavuta karatasi ya kwanza iliyokuwa imechungulia. Ilikuwa barua, mwandiko wa kalamu ya wino, ya mzazi mmoja kutoka Ukerewe mwaka 1974. Anamwomba mkuu wa chuo amvumilie, kijana wake atachelewa kufungua, pamba wameshaipeleka chama cha ushirika tangu mwezi wa saba ila hela bado haijaja, na nauli ya meli hana. Chini kabisa mtu wa ofisini kaandika kwa wino mwekundu: Aje, atalipa baadaye. Basi, hivyo tu. Nilisimama pale na ile barua mkononi mvua inaanza kudondoka, nikahisi kabisa kwamba kama hii ikichomwa, huyo mzazi na huyo aliyemhurumia wanakufa mara ya pili.

Nikamwomba mzee asubiri nusu saa tu. Akaniangalia sana, akasema we kijana mimi nimetumwa, lakini akaegesha guta chini ya mwembe akafunika na turubai. Huyo mzee mpaka leo namshukuru. Nikakimbia kwa bosi wa maktaba, bosi akasema uamuzi ni wa wakubwa wake, nikampigia simu mama aliyekuwa anatufundisha utunzaji wa nyaraka, akaniambia usiguse kitu nakuja, akapanda daladala kutoka mjini, saa nne kasoro kaingia na kanga kiunoni. Alivyoongea na wakubwa sijui maana mi nilibaki nje, ila alitoka na ruhusa: chumba kidogo nyuma ya maktaba, na kazi tuifanye wenyewe bila posho.

Kinachoniuma ni kwamba siku moja kabla walishachoma salfeti sita. Sisi tulipata nne.

Mbili kati ya hizo zilikuwa zimelowa chini. Mi kwa haraka zangu nikataka kuzianika juani, mama akanizuia, jua linakunja karatasi na kufifisha wino, akatuma feni iletwe tukatandaza magazeti sakafuni tukawa tunaziweka moja moja zikauke na upepo, picha zilizogandana hatukuzibandua kwa nguvu. Pini na klipu zilishapata kutu, unaingiza kwanza kipande cha plastiki laini kati ya chuma na karatasi ndo unaivuta taratibu, ukivuta tu hivihivi inaondoka na maneno. Siku tatu nzima kazi ilikuwa pini tu.

Afu likaja suala la kupanga. Nilitaka nipange kila kitu kwa mwaka, barua huku, rejista kule, ionekane safi. Mama akasema hapana mwanangu, funga kama ulivyokuta. Kama barua ya ada ilifungwa kwa kamba ya katani pamoja na daftari la chakula, iache hapohapo, aliyeifunga alikuwa na sababu. Kwa kweli sikumwelewa mpaka nilipofungua furushi moja: barua za wazazi kuomba kuchelewa, na katikati daftari la jikoni linaloonesha mwezi huo walipikia watu wachache kuliko kawaida. Ukizitenganisha hizo mbili hamna anayejua tena kwamba hela ya pamba ikikwama kijijini, sufuria la chuo linapungua.

Hapo ndo nilianza kuona kwamba zile karatasi za chuo ni karatasi za Usukuma na ziwa zima. Barua nyingi zilikuwa na muhuri wa chama cha msingi, maana mtu asiye na karani nyumbani aliandikiwa na katibu wa chama. Na vyama hivyo si vitu vidogo, ni wakulima wa huku akina Paul Bomani waliovijenga miaka ya 50, wakaviunganisha mwaka 1955 kuwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, baadaye ndo tukapata chama kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na kwenye yale mafurushi unaliona hilo kwa macho, kuanzia hapo muhuri wa chama unapotea unaanza muhuri wa kijiji. Hakuna barua hata moja inayolieleza hilo, muhuri tu unabadilika. Mwishoni mwa 1978 zinakuja barua za watu wa Kagera, Amin kashavamia, mmoja anauliza kama mdogo wake yupo salama chuoni maana wao wamekimbia na hawana hakika ya kitu chochote. Ile niliisoma nikatoka nje kidogo.

Na mimi ninavyoona, hili jambo sisi watu wa kanda ya ziwa tumelichelewesha. Mtu akitaka kusoma mila za Wasukuma zilivyoandikwa zamani anasafiri mpaka maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufungua mafaili ya Hans Cory, yule mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, na nashukuru yapo. Bujora nako kuna makumbusho ya Wasukuma, ngoma na viti vya watemi vimetunzwa. Lakini barua ya mkulima kuhusu nauli ya meli nani anaitunza? Mtu wa kawaida anaingia kwenye kumbukumbu kwa bahati ya karani aliyefunga kamba vizuri.

Wiki ya mwisho tulibaki na picha. Moja kubwa ya watu wengi mbele ya jengo, nyuma yake kuna orodha iliyopigwa taipu, wahadhiri na wageni, mstari wa kwanza na wa pili basi. Mstari wa nyuma kabisa wamesimama watu kama kumi hawana jina. Yule mzee wa stoo alikuwa amekuja kutusalimia kama kawaida yake, mwangaluka, tukaitikia mwangaluka, akainama juu ya meza bila kuigusa maana mama alishamfundisha. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu wa kushoto ni mimi."

Alikuwa kijana mwembamba kashika fagio.

Mama akanipa penseli laini, si kalamu, kalamu inapenya na kuchafua mbele, akasema andika polepole pembezoni. Mzee akaanza kutaja mmoja mmoja, huyu alikuwa dereva, huyu mlinzi, huyu alitoka Sengerema akarudi kwao, na mimi naandika. Alipofika kwa mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani akanisimamisha. Akaniambia jina lake hilo usilikosee, lina ng' mwanzoni, na andika na kazi yake, huyo ndo alikuwa mpishi.